Kutoka Laki Moja na Nusu hadi Elfu Hamsini

Jumamosi ya tarehe 17 Aprili 1937, timu za Uskoti na England zilikutana katika uwanja wa Hampden Park, mjini Glasgow. Uskoti ilishinda 3-1, lakini kilichodumu katika vitabu vya kumbukumbu ni idadi ya watu walioingia: zaidi ya 149,000. Katika rekodi rasmi za Ulaya hakuna mechi ya timu za taifa iliyowahi kuuzidi umati huo. Hampden bado upo mahali palepale, na fainali ya Kombe la Uskoti bado inachezwa hapo. Ukiingia leo utakuta viti takriban 52,000. Ardhi haikupungua hata hatua moja, ila karibu watu laki moja wameondolewa kwenye hesabu, na hawakuondolewa kwa siku moja.

Historia hii huwa inasimuliwa kwa haraka: ajali ilitokea, serikali ikaamuru viti, basi. Ukiifuatilia kwa subira unaona kwamba ni historia mbili zilizosukwa pamoja kama ukili. Ya kwanza ni ya usalama. Ilichukua karibu miaka 90, na karibu kila hatua yake ilitanguliwa na mazishi. Ya pili ni ya fedha. Hiyo ilikuja baadaye, ikapanda mgongoni mwa ya kwanza, na watu wengi wakadhani ni kitu kimoja. Ninaona ni wajibu kuzitenganisha, kwa sababu waliokufa viwanjani hawakufa ili tiketi ipande bei.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mtu aliyechora viwanja vingi kuliko wote Uingereza alikuwa Archibald Leitch, mhandisi mzaliwa wa Glasgow aliyeanza kazi kwa kuchora viwanda. Katika uwanja wa Ibrox, nyumbani kwa Rangers, alisimamisha jukwaa refu la mbao juu ya nguzo za chuma, nyuma ya goli. Tarehe 5 Aprili 1902, Uskoti na England zikiwa zinacheza, mbao zilikatika na shimo likafunguka chini ya miguu ya watu. Mamia walidumbukia kutoka kimo cha takriban mita 12. Waliokufa walikuwa 25, na waliojeruhiwa zaidi ya 500. Mechi ilisimama kwa muda, kisha ikaendelea hadi mwisho, kwa kuwa waandaaji walihofia maelfu waliobaki wangeingiwa na taharuki iwapo wangeambiwa waondoke. Matokeo ya sare ya 1-1 yalifutwa baadaye na mechi ikarudiwa Birmingham, mapato yake yakaenda kwa wahanga.

Leitch hakuacha kazi, na viwanja vya Uingereza kwa miaka 80 iliyofuata vilibeba somo alilolipata siku ile. Jukwaa la kusimama lisining'inie hewani tena. Liwe kilima cha udongo uliosindiliwa, juu yake ngazi, na katikati ya ngazi vyuma vya kuzuia msukumano. Hampden, uliofunguliwa mwaka 1903, ulijengwa hivyo, na ndiyo maana uliweza kumeza mji mzima. Kosa la mbao likawa limesahihishwa. Swali ambalo halikuulizwa ni hili: juu ya kilima hicho wasimame wangapi? Kilima hakivunjiki, kwa hiyo mlango ulifungwa pale tu ilipoonekana kwa macho kwamba haiwezekani kumsukumia mtu mwingine ndani.

Macho hayo yalijaribiwa Wembley, London, tarehe 28 Aprili 1923. Uwanja ulikuwa ndio kwanza umekamilika na ulisemekana kubeba watu 127,000. Fainali ya Kombe la FA kati ya Bolton Wanderers na West Ham ilitangazwa kuwa wazi kwa yeyote mwenye kiingilio, hapakuwa na ulazima wa kununua tiketi mapema. Mashine za mlangoni zilihesabu 126,047, milango ikafungwa, na bado watu walipanda kuta, wakavunja vizuizi, wakajaa hadi ndani ya mistari ya uwanja. Makadirio ya siku ile yanafika 200,000 na kupita. Askari George Scorey, juu ya farasi wake Billie, pamoja na askari wenzake, walisukuma umati polepole hadi pembezoni, na mpira ukaanza dakika 45 baada ya muda wake, watazamaji wakiwa wamesimama kwenye mistari. Mamia walitibiwa majeraha.

Hakuna aliyekufa, na kwa maoni yangu hapo ndipo bahati ilipogeuka madhara. Picha ya farasi mweupe ilipendwa, ikasimuliwa kama kisa cha utulivu wa Waingereza, na ule ukweli kwamba watu laki mbili walikuwa hatua chache kutoka kwenye maafa ukafunikwa. Fainali zilizofuata ziliuzwa kwa tiketi za mapema, na baadaye Wembley ukashushwa hadi 100,000. Kamati ya serikali iliketi, ikatoa ripoti mwaka 1924, na ikaliacha jambo lenyewe mikononi mwa vilabu.

Vilabu vilikaa nalo kwa miaka 22. Machi 9, 1946, vita vikiwa vimekwisha na watu wana kiu ya mpira, Bolton walicheza na Stoke City katika robo fainali ya Kombe la FA kwenye uwanja wa Burnden Park. Stoke walikuwa na Stanley Matthews, mchezaji ambaye watu walisafiri mbali kumwona. Jukwaa moja lilikuwa bado linatumiwa na serikali kama ghala, hivyo baadhi ya milango ya kuingilia haikufunguliwa, na maelfu wakabanana upande mmoja. Vyuma viwili vya kuzuia msukumano viliinama na kung'oka. Watu 33 walikufa. Maiti zililazwa kando ya uwanja, zikafunikwa makoti, wachezaji wakaamriwa kurudi, mstari mpya wa pembeni ukachorwa kwa unga wa mbao ili kuwatenganisha walio hai na waliokufa, na mechi ikamalizika bila bao.

Uchunguzi uliongozwa na Moelwyn Hughes. Alipendekeza jambo lililo rahisi kulitamka: kila eneo la uwanja lipimwe, idadi ya watu wanaoweza kusimama salama ihesabiwe, waingiao wahesabiwe kwa mashine, na uwanja usifunguliwe bila leseni. Ni mara ya kwanza katika historia hii mtu kusema waziwazi kwamba uwanja una kikomo kinachoweza kukokotolewa. Pendekezo halikufanywa sheria. Msimu wa 1948/49 watu zaidi ya milioni 41 walilipa kuingia katika mechi za ligi ya England, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kupunguza.

Ikabidi Glasgow iingie tena. Ibrox uliojengwa upya kwa udongo ulikuwa umefikia rekodi ya 118,567 katika mechi ya Rangers na Celtic ya Januari 2, 1939. Katika kona moja palikuwa na ngazi ndefu ya kutokea iliyoitwa Ngazi ya 13, yenye mteremko mkali na vyuma vilivyoigawa katika vichochoro. Mwaka 1961 watu wawili walikufa hapo, na katika miaka iliyofuata wengine waliumia hapohapo. Tarehe 2 Januari 1971, mechi ileile ya watani wa jadi ilipokwisha kwa sare ya 1-1, mtu au watu walianguka katikati ya ngazi huku umati wa nyuma ukiendelea kushuka bila kuona mbele. Walikufa 66, wengi wao vijana, baadhi wakiwa bado wamesimama, wamekosa hewa. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba waliokuwa wakitoka waligeuka kurudi juu baada ya kusikia shangwe za bao la dakika za mwisho. Uchunguzi ulikataa maelezo hayo: wote walikuwa wakielekea upande mmoja, chini.

Ripoti ya Jaji Wheatley ya mwaka 1972 ndiyo iliyozaa Sheria ya Usalama wa Viwanja vya Michezo ya 1975, pamoja na mwongozo wa kitaalamu ambao watu wa kazi hiyo waliuita Kitabu cha Kijani. Hapa inafaa kutulia kidogo, kwa kuwa kitabu hicho kilibadilisha maana ya namba yenyewe. Kabla yake, uwezo wa uwanja ulikuwa ni rekodi, yaani siku fulani waliingia wengi kiasi hiki na hawakufa. Baada yake, uwezo ukawa ni hesabu. Unapima nafasi za kusimama zenye vyuma imara. Unapima milango inaweza kupitisha watu wangapi kwa saa moja. Unapima njia za kutokea zinaweza kumaliza watu wangapi kwa dakika nane hivi. Halafu unachukua ile iliyo ndogo kuliko zote, nayo ndiyo namba ya uwanja wako. Kilima kinaweza kubeba 50,000, lakini kama ngazi za kutokea zinamudu 20,000, basi una uwanja wa 20,000.

Kwa hesabu hiyo Hampden ulianguka hadi takriban 81,000 katika miaka ya 1970. Ibrox ulikwenda mbali zaidi. Willie Waddell, aliyekuwa meneja wa Rangers wakati wa msiba, alihudhuria mazishi kwa mazishi, kisha akasafiri hadi Ujerumani kutazama viwanja vipya vya Kombe la Dunia la 1974. Aliuchukua Westfalenstadion wa Dortmund kuwa mfano, akabomoa vilima vya udongo, na kufikia mwaka 1981 Rangers walikuwa na uwanja wa watu 44,000, wengi wao wamekaa. Klabu ilipoteza sehemu kubwa ya nafasi zake kwa hiari. Ninamkumbuka Waddell kwa sababu hakungoja kulazimishwa.

England haikumfuata. Katika miaka ya 1970 na 1980 hofu kubwa ya wakubwa wa mpira ilikuwa vurugu, na kwa ajili ya vurugu majukwaa ya kusimama yalikatwakatwa kwa vyuma kuwa mazizi, mbele yakawekewa uzio mrefu wenye ncha zilizopinda ndani. Sheria ilisema uwanja ni salama kama watu wanaweza kutoka. Uzio ulikuwa umewafungia. Mei 1985 moto uliteketeza jukwaa la mbao la Bradford na kuua 56. Wengi waliokoka kwa sababu upande ule hapakuwa na uzio, wakaruka kuingia uwanjani. Wiki mbili na nusu baadaye, katika uwanja wa Heysel mjini Brussels, walikufa 39. Hata hivyo uzio uliendelea kusimama.

Tarehe 15 Aprili 1989, Liverpool na Nottingham Forest zilikutana Sheffield, uwanja wa Hillsborough, katika nusu fainali ya Kombe la FA. Mashabiki wa Liverpool walipangiwa upande wa Leppings Lane, ambako milango ya kuingilia ilikuwa michache na myembamba. Saa tisa mchana ilipokaribia maelfu walikuwa bado nje, wamebanwa ukutani. Saa 8:52 kamanda wa polisi, David Duckenfield, aliamuru lango kubwa lifunguliwe. Watu waliingia na mbele yao wakaona njia moja ya chini kwa chini inayoonyesha majani ya uwanja mwishoni. Njia hiyo iliishia kwenye mazizi mawili ya katikati, ambayo yalikuwa yamejaa tayari. Mazizi ya pembeni yalikuwa na nafasi tele, ila hakuna askari wala mhudumu aliyesimama kuwaelekeza huko. Mechi ilichezwa kwa dakika tano na ushee kabla ya kusimamishwa. Siku ile na siku zilizofuata walikufa watu 95, wa 96 mwaka 1993, na wa 97 mwaka 2021.

Uwanja huo ulikuwa na cheti chini ya sheria ya 1975. Kilitolewa mwaka 1979, na ndani yake iliandikwa idadi ya watu wa upande ule. Baadaye vyuma viliongezwa na vingine kuondolewa, mazizi yakaundwa, lakini namba haikuguswa. Kwa hiyo kabla hata lango halijafunguliwa, karatasi ilikuwa inaruhusu watu wengi kuliko ambao mahali pale pangeweza kuwabeba salama. Polisi na sehemu ya magazeti waliwatupia lawama mashabiki, kwamba walikuja wamelewa na bila tiketi. Familia zilipambana miaka 27 hadi baraza la wazee wa mahakama lilipotamka, mwaka 2016, kwamba waliouawa waliuawa kinyume cha sheria na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa lolote. Baraza hilohilo lilitaja kasoro za cheti kuwa mojawapo ya sababu.

Uchunguzi wa kwanza alipewa Jaji Peter Taylor. Agosti 1989 alitoa ripoti ya awali: majukwaa yote ya kusimama yapunguzwe kwa asilimia 15 mara moja, mazizi yasifungwe, njia za uzio ziwe wazi. Januari 1990 ilitoka ripoti kamili, yenye mapendekezo 76, na lililotikisa nchi lilikuwa moja: viwanja vya madaraja ya juu viwe vya viti pekee. Mwisho uliowekwa kwa madaraja mawili ya juu ulikuwa Agosti 1994.

Kiti kinapunguza watu kwa namna mbili. Kwanza, nafasi. Kwa mwongozo wa wakati ule, kila mita 10 za mraba za jukwaa zuri la kusimama ziliruhusiwa watu wasiozidi 47. Kiti kimoja, pamoja na nafasi ya magoti, kinakula upana wa karibu nusu mita na kina cha robo tatu ya mita, hivyo eneo lilelile linabeba watu kama 25 hivi. Pili, macho. Aliyesimama hujinyoosha, husogea, huchungulia kati ya mabega, aliyekaa hawezi. Jukwaa la viti linahitaji mteremko mkali zaidi ili kichwa cha mbele kisizibe, na vilima vya Leitch vilikuwa vimelala mno. Klabu ikalazimika kubomoa na kujenga upya, au kuweka viti vichache ambavyo nusu yake havioni goli. Serikali ilipunguza kodi ya kamari za mpira ili fedha hizo, takriban pauni milioni 100 kwa miaka mitano, zisaidie ujenzi.

Pigo hilo lilionekana wazi zaidi Anfield, nyumbani kwa Liverpool, kwenye jukwaa liitwalo Kop. Lilijengwa mwaka 1906 na kupewa jina la kilima cha Spion Kop huko Natal, Afrika Kusini, ambako askari wengi kutoka Liverpool waliuawa Januari 1900 wakipigana na Makaburu. Katika kilele chake jukwaa hilo lilibeba watu karibu 28,000 waliosimama chini ya paa moja, wakiimba kwa pamoja. Aprili 30, 1994 walisimama hapo kwa mara ya mwisho, Liverpool ikafungwa 1-0 na Norwich. Kop mpya ilikuwa na viti takriban 12,400. Arsenal, waliowahi kuingiza 73,295 katika uwanja wa Highbury mwaka 1935, walibaki na viti visivyofika 39,000. Klabu hiyo hatimaye iliuacha uwanja wake na kuhamia kwingine.

Hapa ndipo historia ya pili inapojiunga. Taylor alijua kwamba viti vichache vingeweza kuwa kisingizio cha kupandisha bei, na aliandika kwamba haikuwa lazima iwe hivyo. Alitoa mfano wa Ibrox ya Waddell: kukaa kulikuwa pauni 6, kusimama pauni 4. Lakini ripoti yake ilitekelezwa katika miaka ileile ambayo Ligi Kuu ya England ilizaliwa, Agosti 1992, ikiwa na mkataba wa televisheni wa pauni milioni 304 kwa miaka mitano. Runinga ilitaka majukwaa yaliyojaa na yenye mpangilio. Klabu iligundua kwamba watu 38,000 wanaolipa sana huingiza zaidi ya 60,000 wanaolipa kidogo. Sehemu ya ripoti iliyohusu viti ilifuatwa kama sheria. Sehemu iliyohusu bei ilibaki karatasini. Februari 6, 2016, wamiliki wa Liverpool walipotangaza tiketi ya pauni 77, maelfu ya mashabiki waliinuka katika dakika ya 77 ya mechi dhidi ya Sunderland wakaondoka. Timu ilikuwa inaongoza 2-0, ikaishia sare ya 2-2. Siku chache baadaye wamiliki waliomba radhi na kufuta bei hiyo.

Rio de Janeiro ilipitia njia ileile ikiwa na namba kubwa zaidi. Maracanã ulifunguliwa Juni 1950 kwa ajili ya Kombe la Dunia, na tarehe 16 Julai watu 173,850 walilipa kuiona Brazil ikifungwa 2-1 na Uruguay. Pamoja na walioingia bila kulipa, idadi ilikaribia laki mbili. Kuuzunguka uwanja, chini kabisa, palikuwa na eneo lililoitwa geral. Waliosimama hapo waliona vibaya, maana macho yao yalikuwa karibu sawa na majani ya uwanja, na mvua iliwanyeshea. Lakini kiingilio chake kilikuwa kidogo mno, na kwa miaka 55 mfagizi, mpagazi na mtoto wa shule waliweza kuingia katika mojawapo ya viwanja vikubwa duniani.

Julai 19, 1992, katika fainali ya ligi kati ya Flamengo na Botafogo, uzio wa jukwaa la juu ulikatika na mashabiki wakaanguka juu ya waliokuwa chini. Watatu walikufa. Maracanã ulipunguzwa, ukawekwa viti, na mwaka 2005 geral ikafungwa moja kwa moja. Kisha ukaja ukarabati wa Kombe la Dunia la 2014, ambao ulibomoa karibu kila kitu ndani ya ganda la nje na kuacha viti takriban 78,800. Uzio uliooza ulipaswa kushughulikiwa, hakuna ubishi. Lakini kati ya kurekebisha uzio wa juu na kumfukuza maskini aliyesimama chini hapakuwa na uhusiano wa lazima, na watu wa Rio walilisema hilo kwa sauti.

Kwingine uwanja ulipungua bila msiba wowote, kwa hesabu tu ya biashara. Juventus walicheza Turin katika uwanja wa Delle Alpi wenye viti 69,000, uwanja ambao njia ya riadha iliwaweka watazamaji mbali na ambao mara nyingi haukujaa hata nusu. Waliubomoa, na mwaka 2011 wakafungua mwingine hapohapo wenye viti 41,000, ukawa unajaa. Timu ya besiboli ya Cleveland, Marekani, ilihama mwaka 1994 kutoka uwanja wa watu zaidi ya 70,000 kwenda wa 43,000 hivi, na kuanzia 1995 hadi 2001 iliuza tiketi zote katika mechi 455 mfululizo za nyumbani. Mtu anayejua kwamba nafasi ni chache hununua mapema. Anayejua kwamba zipo tele husubiri, na jua likiwa kali habanduki nyumbani.

Mashirikisho ya mpira ya dunia na ya Ulaya nayo yalidai viti katika mashindano yao, kila kiti kiwe na namba na mgongo wa kuegemea, na matakwa hayo yakasambaa mabara yote. Kwa miaka mingi uwanja wa Dortmund, uleule aliouiga Waddell, ulibeba zaidi ya 81,000 katika ligi ya Ujerumani na takriban 66,000 tu katika mechi za Ulaya, kwa sababu jukwaa lake la kusini, lenye mashabiki zaidi ya 24,000 waliosimama, lilifungwa viti kwa usiku wa mechi hizo na kufunguliwa baadaye.

Afrika Mashariki nasi tumo. Uwanja wa Kasarani, Nairobi, uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, ulitajwa kwa miaka mingi kuwa wa watu 60,000. Leo, baada ya kila mtazamaji kupewa kiti chake, unatajwa kuwa wa 48,000. Benchi la zege halikatai mtu, kila anayefika huambiwa wenzake watasogea, lakini kiti cha plastiki hukataa. Agosti 2025, wakati Kenya, Tanzania na Uganda zilipoandaa kwa pamoja mashindano ya CHAN, shirikisho la mpira la Afrika, CAF, liliushusha Kasarani hadi watazamaji 27,000 kwa mechi ya Kenya na Zambia, baada ya watu wasio na tiketi kuvunja vizuizi katika mechi za awali. Wengi walikasirika, wakaona ni adhabu ya kuonewa. Nikiwakumbuka watu saba waliokufa langoni mwa uwanja wa Nyayo, Nairobi, mnamo Oktoba 2010, katika mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards, siwezi kuukubali ukali wa hasira hiyo. Namba ile ya 27,000 ilikuwa ni ya milango, kama Kitabu cha Kijani kilivyofundisha: jukwaa lilimudu wengi, ila geti na walinzi wake hawakumudu.

Viti peke yake havitoshi. Accra, Mei 9, 2001, mashabiki walipong'oa viti na kuvirusha, polisi walijibu kwa mabomu ya machozi, milango ikakutwa imefungwa, na watu zaidi ya 120 wakafa katika mkanyagano. Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, umekuwa na viti 60,000 tangu ulipofunguliwa mwaka 2007, lakini Mei 2023, fainali ya Yanga na USM Alger, mtu mmoja alipoteza maisha na wengine wakajeruhiwa katika msongamano wa kuingia. Kwa Mkapa ninashukuru jambo moja ambalo England ililipoteza: tiketi ya mzunguko bado ni ya mtu wa kawaida, na siku ya Simba na Yanga uwanja unatapika kwa sababu hiyo.

England yenyewe imerudi nyuma hatua moja. Kuanzia Januari 2022 kwa majaribio, na msimu wa 2022/23 kwa ruhusa kamili, vilabu vya madaraja ya juu vinaweza kuweka maeneo ya kusimama yenye chuma imara kati ya kila safu na kiti kinachokunjwa. Baadhi ya familia za Hillsborough zilipinga, nyingine zikaridhia baada ya kuona yanavyofanya kazi. Sharti lake ni kwamba kila aliyesimama awe na kiti chake na namba yake, kwa hiyo eneo lenye viti 3,000 linauza tiketi 3,000, hata moja haiongezeki. Wakati huohuo Anfield, baada ya kujenga juu mara mbili, umefika viti takriban 61,000, karibu sawa na rekodi yake ya watu 61,905 ya mwaka 1952. Mashabiki waliopigania ruhusa ya kusimama kwa miaka hawakuomba umati wa 1937 urudi. Waliomba kusimama, na tiketi wanayoweza kuilipa. La kwanza wamelipata.